Maiki Isimame Wapi? Historia ya Kurekodi Gitaa Linalopasua Spika

Sheria ya kwanza niliyofundishwa nilipoingia kwenye kazi ya mitambo ya sauti ilikuwa fupi: mshale wa mita usiguse nyekundu. Aliyenifundisha alikuwa fundi wa redio wa zamani, mtu wa suruali iliyopigwa pasi hadi ikasimama, na kwake sauti iliyopasuka ilikuwa aibu sawa na mtangazaji kukohoa hewani. Mpiga solo akizidisha, mzee alitoka chumba cha mitambo, akaingia studio na kupunguza amplifaya ya watu bila kuomba ruhusa. Sheria ile ninaiheshimu hadi leo. Lakini kama kila fundi duniani angeitii, magitaa mengi yaliyopendwa tangu miaka ya hamsini yasingefika kwenye santuri.

Historia ya gitaa la rock husimuliwa kupitia wapigaji: nani alicharaza nini, nani alimfundisha nani. Mimi nitaisimulia kutoka upande wa pili wa kioo, kwa mtu aliyeshika stendi ya maiki akijiuliza aisimamishe wapi. Maana mngurumo ule haukufika masikioni mwetu kwa nguvu ya gitaa na amplifaya peke yake. Umepita kwenye maiki, na maiki haisikii chumba kizima. Inasikia mahali ilipowekwa.

Tuanze Memphis, jimbo la Tennessee, Machi 1951. Sam Phillips alikuwa mtu wa redio kama mwalimu wangu. Alifanya kazi kituo cha WREC, na mwaka 1950 akafungua studio yake ndogo, namba 706 Union Avenue. Hapo ikaingia bendi ya kijana Ike Turner kutoka Clarksdale, Mississippi. Njiani amplifaya ya mpiga gitaa wao, Willie Kizart, ilikuwa imepata ajali. Wapo wanaosema ilianguka kutoka kwenye gari, wapo wanaosema iliingiwa na mvua. Vyovyote ilivyokuwa, karatasi ya spika iliharibika na kila noti ikawa inatoka na mkwaruzo. Phillips akakunja karatasi, akaishindilia kwenye spika ili isitikisike ovyo, kisha akasikiliza. Sauti ilikuwa inavuma, karibu na saksafoni. Wazee walisema kosa moja haliachi mke, na Phillips hakuiacha ile amplifaya. Wala hakuificha. Katika wimbo wa “Rocket 88”, uliotoka kwa jina la mwimbaji Jackie Brenston kupitia kampuni ya Chess ya Chicago, gitaa lile lililochakaa linasikika waziwazi likitembea chini, mahali pa besi. Wimbo ulipanda hadi nafasi ya kwanza katika orodha ya rhythm and blues ya Marekani.

Kwa fundi, jambo la kuzingatia hapo ni jinsi kazi ilivyofanyika. Wanamuziki wote walikuwa chumba kimoja, wakapiga kwa mpigo mmoja, na sauti zote zikaingia njia moja. Hapakuwa na nafasi ya kurudi baadaye kuongeza gitaa au kupunguza ngoma. Ukitaka mtu asikike zaidi, ulimsogeza yeye kwenye maiki au uliisogeza maiki kwake. Umbali ndio uliokuwa kitasa cha sauti.

Miaka kumi baadaye ajali nyingine ilitokea Nashville, safari hii ndani ya deski lenyewe. Grady Martin alikuwa akipiga besi ya nyuzi sita katika wimbo wa “Don't Worry” wa Marty Robbins, uliotoka 1961. Transfoma ya njia aliyopitia ikaharibika, na sauti yake ikageuka mvumo wa nyuki. Fundi mitambo Glenn Snoddy hakuishia kurekebisha deski. Alichunguza kilichotokea, akatengeneza kisanduku cha kuiga ubovu ule kwa makusudi, na kampuni ya Gibson ikakiuza kuanzia 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Ndicho kinachosikika katika “Satisfaction” ya Rolling Stones ya mwaka 1965. Huko London nako, mwaka 1964, Dave Davies wa bendi ya Kinks alichukua wembe akachana karatasi ya spika ya amplifaya yake ndogo aina ya Elpico, akaiunganisha na Vox kubwa zaidi, ndipo “You Really Got Me” ikapata ule ukali wake.

Hadi hapo maiki ilikuwa shahidi tu. Kilichopasuka ni spika, transfoma au kisanduku, na fundi aliweza kuendelea kurekodi kama alivyozoea. Mambo yalibadilika amplifaya zenyewe zilipoanza kupasua sauti kwa nguvu.

Jim Marshall alikuwa mpiga ngoma na mwenye duka la vyombo vya muziki huko Hanwell, magharibi mwa London. Mwaka 1962 yeye na mafundi wake walitengeneza amplifaya waliyoiita JTM45, wakifuata mchoro wa Fender Bassman ya Marekani. Amplifaya za valvu za aina hii zina tabia moja: ukizifungua kidogo zinatoa sauti safi, ukizifungua hadi mwisho valvu zinalemewa, spika zinasukumwa hadi ukingoni, na sauti inakuwa nene, inang'ang'ania, noti moja inadumu mkononi mwa mpigaji hadi atakapochoka nayo mwenyewe. Utamu huo haupatikani kwa sauti ya chini. Na hapo ndipo ugomvi wa mpigaji na fundi ulipoanzia.

Ugomvi maarufu kuliko yote ni wa mwaka 1966, katika studio za Decca, West Hampstead. Eric Clapton, kijana wa miaka 21, alikuja kurekodi na bendi ya John Mayall akiwa na gitaa la Gibson Les Paul na Marshall yenye spika mbili za inchi 12. Alitaka kupiga kwa sauti ileile ya jukwaani. Mtayarishaji alikuwa Mike Vernon, na kwenye mitambo alikaa Gus Dudgeon. Kwa kanuni za wakati ule Dudgeon alikuwa na kila sababu ya kukataa, maana gitaa la namna hiyo linavuja hadi kwenye maiki za ngoma, za piano na za mwimbaji. Clapton amesimulia baadaye kwamba hakutaka maiki ibanwe kwenye spika yake. Alitaka ikae mbali, isikie amplifaya pamoja na chumba, kama msikilizaji wa klabu anavyoisikia.

Walimwachia. Santuri ilitoka Julai 1966, na ukiisikiliza leo kwa spika nzuri utaona gitaa lina hewa mbele yake. Halikwaruzi sikio. Unasikia kuta. Kuvuja kwake kwenye maiki za wenzake, ambako kwenye vitabu vya kazi ni kosa, ndiko kunakoifanya bendi isikike ikiwa pamoja. Mimi huwapigia vijana santuri hii kabla ya kuwaruhusu kushika stendi.

Mwaka huohuo, kilomita chache kutoka hapo, mambo yalikwenda kinyume. Studio za EMI za Abbey Road ziliendeshwa kwa nidhamu ya maabara, mafundi wengine wakivaa makoti meupe. Kulikuwa na kanuni kuhusu maiki isogee kiasi gani, kwa kuwa maiki za studio zilikuwa ghali na pigo la hewa kutoka kwenye ngoma kubwa lingeweza kuziharibu. Geoff Emerick alikuwa na miaka 20 alipokabidhiwa mitambo ya Beatles kwa ajili ya santuri ya “Revolver”. Akaisukuma maiki karibu kabisa na ngoma ya Ringo Starr, karibu kuliko kanuni ilivyotaka. Ameeleza kwamba wakubwa waliposikia walimwandikia barua: ruhusa ipo, lakini kwa Beatles tu. Ilikuwa ngoma, sio gitaa, lakini mlango ulikwisha kufunguka.

Kwa hiyo mwaka mmoja, mji mmoja, fundi mmoja anaondoa maiki kwenye chombo na mwingine anaisukumia ndani. Karibu ndiko kulikoshinda, na sababu zake hazikuwa za ladha peke yake. Kwanza, mashine za njia 8 na kisha 16 zilienea kuanzia mwishoni mwa miaka ya sitini, na kila chombo kikapewa njia yake. Sauti iliyovuja ikawa takataka, kwa sababu huwezi kubadilisha gitaa bila kuligusa lile lililobaki kwenye njia ya ngoma. Pili, amplifaya ziliongezeka nguvu. Marshall ya wati 100 yenye makabati mawili ya spika nne nne huweza kupita desibeli 120 ukisimama mbele yake. Chumba kidogo hakiwezi kubeba mshindo huo. Kuta zinarudisha besi na sauti inakuwa matope. Maiki ikisogea hadi kwenye kitambaa cha spika, chumba kinatoweka.

Tatu, ilipatikana maiki isiyoogopa. Kampuni ya Shure ya Chicago ilitoa SM57 mwaka 1965, ikiwa imejengwa juu ya kazi ya mhandisi wao Ernie Seeler. Ilikusudiwa kwa studio na utangazaji, na tangu enzi za Rais Lyndon Johnson ndiyo inayowekwa mbele ya marais wa Marekani wanapohutubia. Ndani yake kuna koili nyepesi inayotikisika mbele ya sumaku, muundo uleule wa spika ukigeuzwa. Haina kitu cha kupasuka kwa urahisi. Inanyanyua kidogo sauti za kati ya juu, kwenye hezi elfu tano na sita hivi, ambako gitaa lenye mkwaruzo lina makali yake, na ikisogezwa karibu inaongeza besi. Ile niliyo nayo imeanguka sakafuni mara nyingi, wavu wake umebonyea, na bado ndiyo ninayoishika kwanza.

Hapo sasa hesabu ikahama kutoka kwenye mita hadi kwenye sentimita. Spika ya gitaa ya inchi 12 haitoi sauti moja. Masafa ya juu hayasambai. Yanatoka katikati, kwenye ile kofia ndogo ya mviringo, na kwenda mbele moja kwa moja. Weka maiki mbele ya kofia, utapata sauti kali, ya kukata. Isogeze pembeni, kwenye mpaka wa kofia na karatasi, ukali unalainika na mwili unajitokeza. Sogea hadi ukingo wa spika, utapata giza na unene. Umbali wa vidole viwili unabadilisha gitaa kuliko vitasa vyote vya amplifaya. Ukiinamisha maiki pembe ya digrii 45, unapunguza ukali bila kuhama mahali. Ukirudi nyuma sentimita 20, besi inapungua na chumba kinaanza kuingia.

Njia yangu ya kutafuta mahali pake ni ya mafundi wengi. Amplifaya inafunguliwa bila mtu kupiga, ile sauti ya shhh ya valvu inatoka, nami navaa hedifoni huku kijana akisogeza maiki polepole mbele ya kitambaa. Sauti ya shhh inabadilika rangi kila inapopita. Ikifika pale ambapo haichomi wala haijazibwa, namwambia hapohapo, usiguse. Na kabati naliinua juu ya kiti, maana likikaa sakafuni sauti inadunda chini na kurudi kuichafua ile ya kwanza.

Hata hivyo, si wote waliofuata njia hiyo. Eddie Kramer, mzaliwa wa Cape Town, alimrekodi Jimi Hendrix katika studio za Olympic, Barnes, kuanzia 1967, na moja ya maiki alizozipenda mbele ya amplifaya za Hendrix ilikuwa M160 ya Beyerdynamic, maiki ya utepe. Ndani ya maiki za aina hii kuna utepe wa alumini mwembamba kuliko unywele, ukining'inia kati ya sumaku. Mafundi wa zamani wangekuambia usiipulizie hata pumzi. Lakini utepe unalainisha masafa ya juu kwa tabia yake, na gitaa la Hendrix, lililokuwa na makali ya kutosha, lilipata umbo la duara bila kupoteza ngumi.

Katika studio hiyohiyo, Oktoba 1968, Jimmy Page alirekodi santuri ya kwanza ya Led Zeppelin pamoja na fundi Glyn Johns. Page alikuwa amepitia miaka ya kupiga kwa malipo kwenye rekodi za watu wengine, akawaona mafundi wakiweka maiki puani mwa kila chombo. Yeye aliamini kuwa kina kinatokana na umbali, kwa hiyo aliongeza maiki ya pili mbali, nyuma ya chumba, kisha akazichanganya. Wengi wanaposikia santuri ile wanadhani ni ukuta wa Marshall. Sehemu kubwa ilipigwa kwa amplifaya ndogo ya Supro. Chumba na umbali ndivyo vilivyoifanya kuwa kubwa.

Maiki mbili, lakini, zina mtego wake. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Maiki moja ikiwa nyuma ya mwenzake kwa sentimita 17, inalipokea wimbi nusu ya elfu moja ya sekunde baadaye. Kwa sauti ya hezi 1,000 hiyo ni nusu ya mzunguko: moja inapanda wakati nyingine inashuka, na ukizichanganya zinafutana. Gitaa linabaki na tundu katikati. Wapo wanaotafuta dawa kwenye vitasa, na hawataipata, kwa kuwa kilichofutika hakipo tena cha kuongezwa.

Ufumbuzi mmoja safi ulitoka Göteborg, Sweden. Katika Studio Fredman ya Fredrik Nordström, ambako bendi ya At the Gates ilirekodi “Slaughter of the Soul” mwaka 1995, kulizoeleka mbinu ambayo sasa inaitwa kwa jina la studio hiyo. SM57 mbili zinawekwa bega kwa bega, umbali uleule kutoka kwenye spika. Moja inatazama mbele, nyingine inainama digrii 45 hivi. Kwa kuwa zinalipokea wimbi kwa wakati mmoja, hazifutani; ya kwanza inaleta makali, ya pili inaleta mwili, na fundi anapata rangi anayotaka kwa kupandisha moja na kushusha nyingine. Muziki wa metali wa kisasa una deni kubwa kwa mpangilio huo wa vipande viwili vya chuma vya bei ya kawaida.

Wengine waliondoa swali lenyewe. Katika “Revolution” ya Beatles, Julai 1968, magitaa hayakupita kwenye amplifaya wala maiki. Yalichomekwa moja kwa moja kwenye deski la Abbey Road, yakapitishwa kwenye hatua mbili za kukuza sauti, moja ikiilemea nyingine, hadi valvu zikapiga kelele. Kinshasa nako, Mawangu Mingiedi na kundi lake la Konono No. 1 walizitilia likembe, ala za kupigwa kwa vidole gumba, maiki walizojitengenezea kwa sumaku za vyuma chakavu vya magari, wakazipitisha kwenye amplifaya zilizofunguliwa hadi mwisho ili zishindane na kelele za mji. Dunia iliisikia kazi hiyo kwenye “Congotronics” ya 2004. Pale maiki haina umbali wowote. Imo ndani ya chombo, na kupasuka kunaanzia kwenye chanzo.

Siku hizi vijana wanaokuja kwangu hawabebi amplifaya. Wanabeba kompyuta, na ndani yake mna makabati ya spika kwa mamia. Tangu Line 6 ilipouza kisanduku cha POD mwaka 1998, kazi hii imekuwa ikihamia kwenye hesabu. Mimi sina ugomvi nayo. Magodoro niliyokuwa nikiyaegemeza kuzunguka amplifaya ili jirani asilete mjumbe nimeyarudisha kitandani. Ila nawaomba wafahamu wanachokitumia. Kila kabati katika programu ile ni kipimo kilichochukuliwa na mtu: spika ya kweli, maiki ya kweli, mbele ya kofia au ukingoni, sentimita mbili au thelathini. Ukichagua moja katika orodha, umechagua uamuzi wa fundi usiyemjua, aliyesimama kwenye chumba usichokiona. Mara nyingi uamuzi wake ni mzuri. Lakini ni wake, na wimbo ni wako. Sikiliza nne au tano kabla ya kugusa kitasa kingine chochote.

Nina ombi moja zaidi, na hili ni kwa waandishi na wanafunzi wa muziki. Tunajua maiki ya Clapton ilikaa wapi kwa sababu aliulizwa. Tunajua ya Emerick kwa sababu aliandika kitabu. Huku kwetu bendi za dansi zilirekodiwa kwa miaka mingi katika studio za redio, na mafundi waliokaa kwenye deski wachache wameulizwa walisimamisha maiki wapi mbele ya gitaa la solo, walitumia ngapi, nani alisogezwa nyuma na nani mbele. Baadhi yao wako hai, wamestaafu, na wanakumbuka. Waendeeni na daftari, muwaulize sentimita ngapi.